Saa moja ya maktaba haimfundishi mtu utafiti

Mhariri,

Kila muhula unapoanza, maktaba za vyuo vya jamii hupokea ombi lilelile: mkufunzi anataka darasa lake "lioneshwe maktaba" kwa saa moja, wiki ijayo ikiwezekana, na mara nyingi siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo. Mimi ni mkutubi, kazi yangu ni kufundisha utafutaji wa taarifa katika chuo cha aina hiyo, na naomba nafasi katika ukurasa wako niwaambie wakufunzi na wakuu wa idara kwamba saa hiyo wanayotupa ni kama haipo.

Tazama yanayosongamana ndani yake. Namna ya kuingia kwa nywila ya chuo kwenye hifadhidata, yaani hazina za makala za mtandaoni, katalogi, mpangilio wa namba za rafuni, tofauti ya jarida la kitaaluma na gazeti, uandishi wa marejeo, na dakika chache za mwisho za kuwatisha watu kuhusu kunakili kazi za wengine. Wanafunzi husikiliza kwa adabu. Hawana la kuuliza, kwa sababu insha yenyewe itatolewa wiki ya sita au ya saba, na mtu asiye na swali hana anachotafuta. Wiki hiyo ikifika, yote aliyoyasikia yamekwisha kuyeyuka. Anaandika kichwa kizima cha insha kwenye mtambo wa kutafuta, anafungua matokeo matatu ya juu, anaanza kazi.

Lawama huwaangukia wanafunzi: wavivu, hawasomi, wamezoea simu. Sikubaliani nazo. Chuo cha jamii kinapokea watu ambao vyuo vikuu vingi huwaona kwa nadra: mama aliyerudi shule baada ya watoto kukua, kijana anayetoka zamu ya usiku na kuingia darasani moja kwa moja, fundi aliyefanya kazi miaka mingi bila cheti. Kutafuta wanajua. Huyo fundi akisikia mlio asiouelewa kwenye mashine ataulizia, atalinganisha majibu, na atamkwepa anayebahatisha. Asichokijua ni njia za kuyafikia maarifa yaliyoandikwa, na njia hizo hazifundishiki kwa kuoneshwa kitufe cha kubofya.

Ugumu huanzia kwenye swali, kabla hata ya kompyuta kuwashwa. Mwanafunzi anakuja na "athari za mitandao ya kijamii". Ukikaa naye ukamwuliza athari zipi, kwa nani, ukilinganisha na nini, nusu saa baadaye amefika hapa: je, kutumia simu kitandani kunawapunguzia usingizi vijana wa umri wa sekondari? Sasa kuna kitu cha kutafuta. Tunaligawa swali mafungu matatu: la kwanza simu na skrini; la pili usingizi, kukosa usingizi na saa za kulala; la tatu vijana, matineja na wanafunzi wa sekondari. Ndani ya fungu maneno yanaunganishwa kwa "au", mafungu yenyewe yanaunganishwa kwa "na", kwa mantiki ileile aliyoijenga mwanahisabati George Boole katikati ya karne ya 19. Matokeo yaliyokuwa maelfu yanashuka hadi idadi ambayo mtu mwenye ajira na watoto anaweza kuipitia jioni moja, akianza na ikisiri, yaani muhtasari wa kila makala. Katika kuzisoma anagundua kwamba watafiti wanatumia istilahi ambayo hakuifikiria, basi anarudi kutafuta upya kwa istilahi hiyo. Huko kurudi ndiko utafiti wenyewe, na katika ile saa moja hakuna muda wa kurudi popote.

Kupima chanzo nako kunadai muda. Kwa miaka mingi wakutubi tumewapa wanafunzi orodha ya maswali, na mojawapo iliyoenea sana ilibuniwa mwaka 2004 katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Chico: taarifa ni ya lini, inahusiana vipi na mada, mwandishi ni nani, ina usahihi gani, iliandikwa kwa lengo gani. Maswali ni mazuri. Tatizo, mwanafunzi huyajibu akiwa ameganda kwenye ukurasa uleule anaoupima, na ukurasa wa kilaghai unaweza kuwa na tarehe ya jana, jina la daktari na marejeo kadhaa chini yake. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti uliowalinganisha watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa taarifa 10 wa vyombo vya habari na wanafunzi 25 wa chuo kikuu hicho. Katika zoezi mojawapo walipewa tovuti mbili za madaktari wa watoto, moja ya chama kikubwa cha taaluma hiyo nchini Marekani, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho. Wahakiki hawakukaa kwenye ukurasa. Waliuacha karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti, wakapata jibu haraka. Wanafunzi wengi, na baadhi ya wanahistoria pia, waliendelea kuusoma kwa makini, wakiusifu muundo wake na marejeo yake, wakadanganyika. (Nakiri nilifarijika kidogo kusoma kwamba hata wenye uzamivu waliteleza.) Mbinu hiyo ya wahakiki inafundishika, na Mike Caulfield, mtaalamu wa kufundisha uhakiki wa taarifa za mtandaoni, aliifupisha mwaka 2019 kuwa hatua nne: simama, chunguza chanzo, tafuta maelezo bora kwingine, fuatilia dai hadi lilikoanzia. Ila huingia kwa mazoezi ya kurudiarudia, na mhadhara wa siku moja hauwezi kuitia.

Tena kuna chanzo kinachopita kila kipimo siku ya kwanza na baadaye kikaanguka. Makala ya Andrew Wakefield iliyoihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji ilichapishwa mwaka 1998 katika Lancet, jarida la tiba linaloheshimika dunia nzima, na jarida hilo likaifuta mwaka 2010. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefundishwa kwamba makala ya jarida ni ya kuaminika, akaishia hapo, ameachwa njiani. Anapaswa kujua kuangalia kama makala imefutwa, kama kuna mapitio yanayokusanya tafiti nyingi juu ya jambo hilohilo, na kama mwongozo wa matibabu alioushika ni wa toleo la sasa. Mwenzake wa umeme anahitaji toleo linalotumika la kanuni za ufungaji nyaya. Wa magari anahitaji taarifa za ufundi za mtengenezaji. Hushangaa kuwaona wote watatu wakipewa agizo moja: tafuteni makala tano za kitaaluma.

Tangu mwishoni mwa 2022 mezani petu kumezuka jambo jingine. Mwanafunzi anakuja na orodha ya makala anazoomba tumtafutie, na makala hizo hazijawahi kuandikwa. Jarida ni la kweli, waandishi mara nyingi ni watu halisi, juzuu na kurasa zinaonekana sawa. Programu ya akili mnemba imezitunga, maana kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na haikufungua katalogi yoyote. Balaa hilo haliwapati wanafunzi peke yao: Juni 2023 mawakili wawili wa New York pamoja na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi za kubuni zilizotoka kwenye programu ya namna hiyo. Wapo wanaodai kwamba mkutubi sasa hana kazi. Kazi yangu imeongezeka. Kukagua rejea moja huchukua muda mfupi, unatafuta kichwa cha makala kwenye katalogi au namba yake ya DOI, ile inayoitambulisha makala mtandaoni, lakini atakayekumbuka kufanya hivyo ni yule aliyewahi kufanyishwa akiwa na orodha yake mwenyewe mkononi na tarehe ya kukabidhi imekaribia.

Kuna suala la nywila pia, ambalo halisemwi sana. Mwanafunzi akishahitimu, au akiacha masomo kwa kukosa ada, hifadhidata zinazolipiwa na chuo humfungia mlango. Tukimfundisha hizo pekee, tumemzoesha chombo ambacho atanyang'anywa. Sehemu kubwa ya mafunzo ingehusu vilivyo wazi: PubMed, hifadhidata ya makala za tiba ambayo umma unaitumia bila malipo tangu 1997, orodha ya majarida huria ya DOAJ, maktaba za umma, hata kumwandikia mtafiti barua pepe kumwomba nakala ya makala yake, ombi ambalo wengi wao hulipokea vizuri.

ACRL, chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, kilipitisha mwaka 2016 mwongozo unaoutazama utafiti kuwa ni uchunguzi na usomi kuwa ni mazungumzo, ukachukua nafasi ya viwango vyake vya mwaka 2000. Naukubali, japo lugha yake ingemchosha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Lakini mwongozo hauna ubavu mbele ya ratiba, na ombi langu ni la ratiba. Tupeni vipindi vitatu vifupi: kimoja swali linapoundwa, kimoja utafutaji unapoanza, kimoja rasimu ya kwanza ikiwa mezani. Mkufunzi awemo darasani, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni makala ipi imepitwa na wakati katika fani yake, nami ndiye ninayejua inapopatikana iliyo mpya. Alama kidogo ziende kwenye daftari la utafutaji: mwanafunzi alitafuta kwa maneno gani, wapi, aliacha nini na kwa nini. Mwanafunzi mwenye muda mchache huupeleka muda wake penye alama, na ana haki.

Najua kuna wakufunzi ambao mtaala umewabana hata hawawezi kuachia kipindi kimoja zaidi. Hao wanaweza kuanza na jambo lisilowagharimu hata dakika ya darasa: watutumie swali la insha kabla halijachapwa. Likiwa linadai vyanzo ambavyo maktaba haina, au ni pana kiasi kwamba hata mimi nisingejua pa kuanzia, tutawaambia mapema, wakati bado linaweza kubadilishwa.

Mkutubi mfundishaji, chuo cha jamii