Kanada haikufuta ruzuku, ilifunga bomba moja

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile taarifa iliyotaka vyama vyetu vya siasa vinyimwe ruzuku kwa kuwa "hata Kanada ilishafuta" imenishinda.

Kanada inaendelea kuvipa vyama fedha za umma. Ilifunga bomba moja kati ya matatu, tena lile lililokuwa la haki zaidi: ruzuku inayohesabiwa kwa kura ambazo chama kimepata. Lilianza mwaka 2004 kwa dola 1.75 kwa kila kura kila mwaka, na kufikia 2008 lilikuwa dola 1.95. Kura ya mvuvi wa Newfoundland ilikiletea chama chake fedha sawasawa na kura ya tajiri wa Toronto. Chama cha Kijani, kilichopata zaidi ya kura 900,000 mwaka huo bila kuambulia kiti hata kimoja, nacho kilipata mgao wake. Mabomba yaliyobaki yanafuata mfuko. Anayechangia chama dola 400 anapunguziwa kodi dola 300. Asiye na cha kuchangia hapati kitu. Chama chenye angalau asilimia 2 ya kura hurudishiwa nusu ya gharama zake za kampeni, kwa hiyo aliyetumia nyingi hurudishiwa nyingi.

Halafu mwandishi wenu anasema mwaka 2008 wapinzani wa Kanada walitaka kuiangusha serikali kwa njaa ya ruzuku tu. Si kweli! Novemba 27, 2008, wiki sita baada ya uchaguzi uliompa Waziri Mkuu Stephen Harper na chama chake cha Conservative viti 143 kati ya 308, waziri wake wa fedha, Jim Flaherty, alileta bungeni mpango wa kufuta ruzuku hiyo ya kura, na humo humo akapendekeza kusimamisha haki ya watumishi wa serikali kugoma, bila mpango wa maana wa kuokoa uchumi uliokuwa ukiporomoka. Suala la ruzuku liliondolewa kabla mwezi haujaisha, na wapinzani hawakurudi nyuma. Vyama viwili vya upinzani, Waliberali na New Democratic (NDP), vilikuwa na viti 77 na 37, jumla 114. Ndiyo maana walihitaji 49 vya Bloc Québécois, chama cha jimbo la Quebec, ili wafike 163. Walitia saini makubaliano ya muungano Desemba 1. Kura ya kutokuwa na imani ilikuwa ipigwe Desemba 8. Desemba 4 Harper akamwendea Gavana Mkuu, Michaëlle Jean, mwakilishi wa Malkia nchini humo, kumwomba afunge mkutano wa Bunge, naye akaufunga.

Ninyi mkaandika Bunge "lilivunjwa". Bunge likivunjwa, wabunge wanarudi kwa wapiga kura. Mkutano ukifungwa, viti vinabaki na hoja zilizo mezani zinakufa, ikiwemo ile ya kutokuwa na imani. Lilirudi Januari 26, 2009, muungano ukiwa umeshalegea. Kosa hilo hilo mlilifanya mkutano wa Bunge la Uingereza ulipofungwa mwaka 2019.

Ruzuku ya kura iliondoka baada ya Harper kupata viti 166 mwaka 2011, kwa kupunguzwa senti 51 kila mwaka hadi Aprili 2015. Naomba mchapishe jedwali la mabomba hayo matatu, ukurasa ule ule uliobeba taarifa ile. Na anayetaka kufuta ruzuku hapa kwetu ataje tarehe ya kuanza, iwe baada ya uchaguzi ujao, kisha aseme nani atalipa pango, luku na posho ya katibu wa chama wilayani.

Msomaji wenu, Dodoma