Tukihesabu miche, tuhesabu na kilicho chini ya nyasi

Mhariri,

Mvua zikianza tu, kurasa za magazeti hujaa picha za waheshimiwa walioinama na miche mikononi. Sina ugomvi na miche. Lengo la serikali la miti bilioni 15 kufikia 2032 ni jema kwa Mau, Aberdare na kila mlima ulionyolewa. Kinachonikera ni jinsi tunavyozitazama nyanda za kusini mwa jiji, kuanzia ukingo wa Mbuga ya Nairobi hadi Kitengela, Isinya na Athi, tukasema pale hapana kitu, ni nyasi tu.

Kitu kipo, ila kiko ardhini: ni kaboni, ile ambayo ikiwa angani kama hewa ya ukaa huongeza joto la dunia. Kaboni ya msitu unaiona kwenye magogo. Ya nyika, sehemu kubwa imo kwenye mizizi na udongo. Nyasi huvuta hewa ya ukaa na kupeleka sehemu yake mizizini. Mizizi ikifa, vijidudu huila, na kinachosalia hunaswa na chembechembe za mfinyanzi. Ndiyo maana moto ukipita nyikani wakati wa kiangazi huteketeza majani makavu, kisha mvua ikanyesha nyasi zikachipuka, na sehemu kubwa ya kaboni bado iko palepale chini. Mti ukiungua, kilichokuwa kwenye gogo kimekwenda na moshi.

Mkazi yeyote wa Syokimau au Embakasi anaujua udongo wetu mweusi, ule unaong'ang'ania viatu masika na kupasuka kiangazi nyufa za kuingiza mkono. Udongo wa juu na mabaki ya majani huporomokea ndani ya nyufa hizo, na mvua ikirudi zinajifunga. (Weusi wake si kipimo cha kaboni, tusidanganyane, unaweza kuwa mweusi tii na kaboni yake ikawa ya wastani.) Sasa tazama ploti ikianza kujengwa. Kazi ya kwanza ya tingatinga ni kuukwangua udongo huo mpaka kwenye mwamba au murram, maana nyumba ikikaa juu yake kuta zitapasuka. Lori linaubeba na kuumwaga kwenye timbo au kando ya barabara, na mahali pake panajazwa kifusi. Ukishavurugwa na kuachwa wazi, vijidudu hupata hewa, vikala kilichokuwa kimenaswa, na kaboni ikarudi angani. Mwenye nyumba analipia kila safari ya lori, ila hasara hiyo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Jembe nalo lina yake. Mwaka 2002 watafiti Guo na Gifford walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali wakakuta kwamba malisho yakigeuzwa shamba la mazao, kaboni ya udongo hupungua kwa wastani wa asilimia 59. Shamba likirudishwa kuwa malisho, huongezeka kwa asilimia 19. Inaingia kwa kibaba, inatoka kwa gunia. Na wanaotaka kuzijaza nyanda hizi miti wasome mstari mwingine wa utafiti huohuo: malisho yaliyopandwa miti yalipoteza asilimia 10 ya kaboni ya udongo. Miti yenyewe ina kaboni yake, kweli, lakini hesabu ya upande mmoja si hesabu.

Wapo watakaosema mharibifu ni ng'ombe. Huko kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, kuna vipande vya ardhi vilivyozungushiwa ua tangu 1995 ili kulinganisha malisho ya mifugo na ya wanyamapori. Ng'ombe walipunguza kaboni ya udongo, lakini pale tembo walipoingia pia, hasara hiyo ilifidiwa. Kitengela hatuna tembo. Tulichokuwa nacho ni nafasi ya mifugo kuhama, na ua za ploti ndizo zinazoimaliza. Ng'ombe aliyefungiwa kwenye ekari tano atatafuna mpaka vumbi.

Siwalaumu Wamaasai wanaouza ardhi. Ranchi za pamoja ziligawanywa, kila mtu akapata hati yake, na karo haingoji mvua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wanyamapori wapate kupita. Wazo lilikuwa zuri, lakini dola 4 zitashindanaje na dalali mwenye pesa taslimu? Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, yaani ile inayouza kaboni iliyohifadhiwa, ila kipengele hicho kinahusu ardhi ya umma na ya jamii. Mwenye hati yake binafsi atajijua mwenyewe.

Naziomba kaunti za Nairobi, Kajiado na Machakos kwamba kabla ya kuidhinisha kubadili matumizi ya ardhi ya malisho, udongo upimwe kaboni, na kipimo hicho kiwe sehemu ya tathmini ya mazingira inayopelekwa kwa mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA. Udongo unaokwanguliwa upelekwe kufufua mashamba yaliyochoka au kufunika machimbo yaliyoachwa, kisha upandwe nyasi. Na miche ipelekwe kulikokuwa na msitu.

Mkazi wa Lang'ata,
Nairobi