Barua kwa mwanangu: fumbo la saa kumi alfajiri

Tanga, Jumapili baada ya adhuhuri

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Magoti yangu ni yale yale, mdogo wako hajambo na pikipiki yake haijambo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imenichosha. Nikikuuliza kwa simu unalala saa ngapi, unanijibu "niko poa mama" na nyuma yake kinakuja kile kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Karatasi haina vikatuni. Barua atakuja nayo mtoto wa shoga yangu wa mtaa wa pili, anarudi chuoni huko huko Liverpool, na kuna mzigo mdogo nitakaokueleza mbele.

Unalala saa ngapi?

Nauliza kwa sababu ya fumbo. Ulipoanza kunitungia fumbo la fasihi, lile la visanduku vya maneno yanayopishana, mwezi wa sita, lilikuwa likiingia saa tatu usiku ya huku. Naswali isha, nakula, nalikuta. Baadaye likawa linaingia saa tano. Nikasema haya, masomo yamekaza. Sasa tangu saa zenu zirudishwe nyuma mwisho wa Oktoba, linaingia saa kumi alfajiri. Simu inalia chini ya mto, naamka, natoa saa tatu za tofauti yetu, napata saa saba usiku. Jumatano iliyopita ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Mimi nilifundisha Kiswahili, sikufundisha hesabu, lakini kutoa tatu naweza. Na usiniambie kwamba huwa umeshalala ukaamka. Mtu aliyelala hachori visanduku vilivyopinda namna ile. Mstari wa chini wa fumbo la Jumatano ulikuwa unateremka kama unakwenda kisimani.

Na makosa. Wewe hukosei kuhesabu, tangu mdogo, hilo unalijua na mimi nalijua. Alhamisi umenipa kidokezo, na idadi ya herufi za jibu kwenye mabano: "Binti aliyetungiwa wasia na Mwana Kupona (6)." Hashima ana herufi saba. Nimelihesabu jina lake kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikafuta, nikaandika tena, nikadhani labda mwenzangu ana binti mwingine ambaye sikuwahi kufundishwa. Ijumaa ndiyo ukaniua kabisa: "Riwaya ya Said Ahmed Mohamed kuhusu wapagazi wa bandarini (4)." Kuli ni ya Shafi Adam Shafi! Wewe unalijua hilo, ulikuwa ukinisahihisha mimi. Said Ahmed Mohamed ndiye wa Utengano. Mtu mzima mwenye akili zake hawachanganyi hao wawili, isipokuwa awe hajalala. Sikukuambia siku ile kwa sababu ungesema ni bahati mbaya. Siku mbili mfululizo si bahati mbaya.

Lakini nisiwe mwenye kulaumu tu. Kile cha Jumatatu, "Pwani hutembea upande, jikoni huunguza, mgeni huambiwa (3)", nilikipitisha mtaa mzima. Nimemwuliza muuza mkaa. Nimemwuliza mwalimu mkuu mstaafu wa jirani, akakaa nacho mpaka chai ikapoa, na kaa ndiye alikuwa anamtazama kutoka kwenye jiko! Nilijisikia raha, nikamwambia, "Huyo ni mwanangu, kasomea takwimu za afya." Akasema takwimu za afya zinapoteza mtu. Sikumjibu. Aliyekuambia ulipoingia Kidato cha Tatu kwamba fasihi haijazi sufuria, achukue sayansi, alikuwa na ada za watoto wawili na mshahara mmoja, na siku hiyo nadhani alikuwa hajala. Basi.

Nikueleze ninavyolifumbua, maana uliniuliza. Kwenye simu siwezi, macho yanauma na kidole changu kinagusa visanduku viwili kwa mpigo. Kwa hiyo nalinakili kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Vile vyeusi navipaka kwa kalamu ya bluu mpaka karatasi inalowa upande wa pili, ndiyo maana sasa natumia ukurasa mmoja naruka mmoja. Naanzia pembeni kulia na chini kabisa, kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na kwenye ukingo kuna herufi tano tu za kujaribu. Mwingereza hana bahati hiyo. Halafu naingia ndani polepole.

Na najaza kwa kalamu ya wino. Najua utasema nini. Ndiyo, Jumamosi imenigharimu. Uliandika: "Nchi ya kubuni ya Shaaban Robert (10)." Mtu wa Tanga hii hii, kazaliwa Vibambani, mimi nimekisomesha kitabu chake miaka mingapi. Sikungoja herufi hata moja ya kupishana, nikaandika KUSADIKIKA, wino, herufi kubwa. Kikaingia vizuri kama mguu kwenye kiatu. Halafu nikashuka kwenye "Cheo cha Liyongo (4)", herufi ya kwanza inatoka kwenye S yangu. Nikaandika SUMO. Naam, mwanangu, nilijua kabisa ni Fumo Liyongo, hata mtoto anajua, lakini nikajiambia huenda Waamu walikuwa wakisema sumo zamani. Mtu akishaandika kwa wino hukubali uongo wowote ili asikate. Saa nzima nimekaa na sumo yangu. Ndipo nikaandika KUFIKIRIKA pembeni, nikaiweka chini ya ile nyingine: herufi kumi kwa kumi, na sita zimekaa mahali pale pale. Ku mwanzoni, ika mwishoni, na ile i ya katikati. Mzee wetu aliziumba nchi mbili kama mapacha na wewe ukaliona hilo ukanitegea. Nimecheka peke yangu jikoni.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu Kufikirika ndiyo ile nchi ambayo mfalme na malkia wana kila kitu isipokuwa mtoto. Sijui kama ulikusudia.

Uliniandikia kwamba mchezo huu ulianzishwa na mtu aliyezaliwa hapo hapo Liverpool, Arthur Wynne, aliyeutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na fumbo lake lilikuwa na umbo la almasi. Vizuri. Nimelisoma kwa shoga zangu kikaoni. Lakini mshairi Muyaka bin Haji alikwishakufa Mombasa zaidi ya miaka 70 kabla ya hilo gazeti, na watu wake walikuwa wakifumbiana kwa shairi, huyu anafunga, yule anafungua, kwa hiyo huyo bwana wa Liverpool tumpe visanduku, mafumbo yenyewe tuyabakishe huku. Utaniambia naanza. Ndiyo, naanza.

Na jambo moja la ugomvi kabla sijasahau. Jina la riwaya ya Vuta n'kuvute lina herufi kumi na moja. Umenipa visanduku kumi na viwili. Nimehangaika na kile kimoja kitupu mpaka nikagundua kwamba ritifaa, kile kialama baada ya n, umeipa chumba chake. Ritifaa si herufi! Haipangi wala haikodi. Irekebishe kabla mtu mwingine hajaona, kama kuna mtu mwingine unayemtumia. Yupo? Sisemi kitu, nauliza tu.

Sasa mdogo wako ana mdomo, na usimgombeze, nilimbana mimi. Kaniambia kwamba jioni unakwenda ghalani kufungasha mizigo, unatoka usiku wa manane, na hili fumbo unalitunga ukifika chumbani kabla ya kuvua viatu. Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Wewe mwenyewe uliniambia visa ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Saa 20 ni saa 20, usizichezee, wenye nchi yao wanahesabu. Na nimejaribu kuzihesabu na mimi, nikatoa kodi ya chumba, nikatoa chakula, nikatoa nauli ya basi, na zile bati za paa ulizonitumia fedha zake hazitoki hapo. Bati thelathini hazitoki hapo hata kwa muujiza.

Zile fedha za bati zilifika, hilo nilikuambia. Sikukuambia kwamba paa la zamani lingevumilia vuli hii. Lilikuwa linavuja chumba cha uani tu na ndoo moja ilitosha. Nilisema ndoo tatu. Ndivyo watu wanavyosema wakizungumza na mtoto aliye Ulaya, hata fundi hapa alinicheka kwamba nimekuwa kama wengine. Paa ni zuri, mvua ikipiga linapendeza kulisikiliza. Usiku ule mvua ya kwanza iliponyesha nililala vizuri sana, na saa kumi simu ikalia, fumbo limeingia, na sikupata usingizi tena.

Kwa hiyo hii ndiyo hesabu yangu. Usitume fumbo kila siku. Tuma Jumamosi. Au mbili kwa wiki, ukipenda sana, lakini utunge mchana, umekula. Mimi sitakufa kwa kukosa kidokezo. Mwana Kupona alikuwa anaumwa, ndiyo maana alimwita binti aje na wino na karatasi asikilize. Mimi siumwi, ni magoti, na wino ninao mwenyewe. Wala usikasirike ukadhani sitaki. Nataka. Daftari ninalo la tatu sasa. Ila fumbo likija saa tatu usiku nalifurahia, na likija saa kumi alfajiri sisomi vidokezo kwanza, natazama saa.

Unakula? Mdogo wako anasema tambi. Tambi za pakiti si chakula, ni kamba za kufungia chakula.

Mzigo: kuna kilo ya dagaa wakavu, wamefungwa mara tatu ili wasinuke kwenye ndege, na kuna bizari ya pilau, ile ya kusaga nyumbani, usiwape wenzako yote. Visheti amepika shangazi yako, vimekuwa vigumu kidogo lakini usimwambie. Kuna pia kanga, doti moja. Nimeichagua kwa rangi, jina lake nimegombana nalo hadi nikaichukua tu kwa kuwa mwenye duka alikuwa anafunga. Sikuandikii jina, lifumbue kabla ya kufungua: maneno manne (7, 5, 5, 8). Kidokezo: wanakuahidi pa kupumzikia, lakini wewe huko hata cha kukuunguza mgongo huna, maana saa kumi jioni limeshatua. Gawa doti, moja jifunike miguu unapolala. Unapolala, nimesema.

Mengine ya hapa. Mnazi wa uani tumeukata, ulikuwa unaegemea bati mpya. Paka kazaa wanne, wawili wamechukuliwa. Umeme unakatika mchana siku hizi, si sana. Mwenye duka la kona anakusalimu na anasema deni la daftari la mwaka ule amesamehe, nikamwambia deni gani, akasema muulize mwanao. Sasa nakuuliza. Binti wa nyumba ya pili kaolewa, nilikwenda na sahani zako zile za maua, zimerudi pungufu moja, nitaifuatilia. Mchele umepanda bei.

Fumbo la jana nimelimaliza lote isipokuwa tisa ya kushuka: "Hulipwa bila kukopwa (5)", ya pili ni E na ya mwisho ni A. Nimejaribu fidia nikaona herufi ya pili hainikubalii, nimejaribu kila kitu. Usinipe jibu, nipe herufi ya tatu tu. Ila ujumbe wako ukiingia hapa kabla ya saa tano asubuhi ya huku, sitaufungua, na nitamwambia mdogo wako akuandikie kwamba sijaufungua.

Mwenye safari anapita kuchukua mzigo baada ya alasiri, na bado sijapata sanduku la kutoshea visheti.

Mamako