Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: Zoezi la Moto Lifanyike Usiku

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Arua, hapa Uganda. Mimi ni mzazi mwenye watoto bwenini, na nakuandikia kwa sababu ya moto.

Aprili 2008 tulizika watoto wa shule ya Budo, waliokufa kwa moto bwenini. Novemba 2018 ikawa zamu ya shule ya sekondari ya Manya, Rakai. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2022 bweni la shule ya wasioona ya Salama, Mukono, liliungua na watu 11 wakafa. Mioto yote mitatu ilizuka usiku. Lakini shule zinazofanya zoezi la moto hulifanya mchana: kengele inalia, watoto wanatoka darasani kwa mistari, askari wa zimamoto anazima moto kwenye pipa, watu wanapiga makofi. Ni jambo jema, ila halimfundishi mtoto kushuka kitanda cha juu gizani.

Siku ya wazazi, muhula uliopita, niliingia bweni moja. Vitanda vya ngazi tatu, masanduku ya bati yamejaa njiani, madirisha yana nondo, mlango ni mmoja. Nikamuuliza matroni ufunguo hukaa wapi usiku. Akagusa mfuko wa gauni lake. Yeye hulala ng'ambo ya uwanja.

Mheshimiwa, godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, unaomwangusha mtu kabla moto wenyewe haujamfikia. Ndani ya moshi huo mwenye macho haoni zaidi ya asiyeona. Kinachobaki ni mkono na mazoea: hapa kitanda kinaishia, hapa ukuta, inama, ufuate mpaka mlangoni. Hayo mtoto hayapati kwa kuhutubiwa mstarini. Anayapata kwa kuyarudia.

Naomba utoe waraka: kila shule ya bweni ifanye zoezi usiku, kila muhula, watoto wakiwa wamelala na taa zimezimwa. Mlango ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Majina yaitwe uwanjani, na daftari liandikwe tarehe, dakika zilizotumika na kilichokwama. Mkaguzi akifika aanze na daftari hilo. Shule isiyo nalo isiruhusiwe kulaza watoto. Wenye ulemavu wapangwe karibu na mlango na wafanye zoezi pamoja na wenzao, wala wasiachwe kitandani eti watachelewesha wengine.

Wapo watakaosema watoto wataogopa. Mara ya kwanza, ndiyo. Mara ya tatu watalalamikia usingizi tu, na hapo ndipo tunapotaka wafike. Gharama yake haizidi filimbi, tochi na daftari.

Waraka huo ufike kabla muhula haujafunguliwa, maana wiki ya kwanza ndiyo yenye watoto wapya wasiojua hata mlango uko upande gani.

Wako mtiifu,
Mzazi, Arua