Kwa Baba Neema, kabla hujapakia gari

Columbus, Ohio

Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu kutoka kwetu. Mama Furaha anasema mkipita hapa bila kulala, asimsikie mtu tena akitaja undugu. Chumba cha chini kimeshatandikwa.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Habari ya kazi ya Portland imetufurahisha sana, na Wakongomani wenzetu waliotangulia kule Maine watakupokea vizuri. Kilichoninyima usingizi ni ule mstari wa mwisho, uliouandika kama mtu anayekumbushia chumvi: "na ile kitu yangu nitaiweka tu kwenye dashibodi." Ndiyo sababu ninakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu nitagomba, na wewe ukigombezwa unaitika "ndiyo, ndiyo" halafu unakwenda kufanya yako.

Najua kwa nini uliinunua ile bastola. Mtu aliyeporwa kwenye maegesho akitoka zamu ya usiku hahitaji kuhubiriwa na aliyelala kwake. Na Kentucky unakokaa, tangu 2019 haimdai mtu mzima kibali cha kubeba, Ohio nayo ikafuata Juni 2022, kwa hiyo unaona ni jambo la kawaida. Lakini hapa kuvuka jimbo ni sawa na kuvuka pale Manyovu kuingia Burundi, ila hakuna kizuizi wala afisa wa kukugongea muhuri. Unapita kibao cha kukukaribisha, redio inaendelea kuimba, na sheria imeshabadilika.

Ifuate njia yako kwa kidole. Ukitoka kwetu ni I-71 hadi Cleveland, kisha I-90, unakata kona ya Pennsylvania pale Erie, halafu New York nzima, maili karibu 400, ndipo Massachusetts, New Hampshire, Maine. Unakotoka hakuna neno, na unakokwenda hakuna neno. Kazi iko katikati. New York hawatambui kibali cha jimbo lingine lolote; bastola bila leseni yao ni jinai. Massachusetts ukikutwa umeibeba bila leseni yao, kifungo hakipungui miezi 18. Na wewe bado una kadi ya kijani ya ukaazi, ombi lako la uraia halijajibiwa. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata la kumiliki au kubeba tu, anaweza kufukuzwa nchini. Urudishwe wapi, Baba Neema? Kambini Nyarugusu?

Ipo sheria ya shirikisho ya 1986 inayomkinga msafiri, na ndiyo wenzako kazini wanayoisifu bila kuisoma. Inamkinga anayetoka mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha akielekea mahali pengine anaporuhusiwa, silaha ikiwa haina risasi ndani, na bastola na risasi zote ziwe mahali ambapo aliyekaa kwenye kiti hawezi kuzifikia. Mwenye gari lenye buti hapati tabu. Lile gari lako la familia, Sienna, halina buti iliyotengwa na viti, kwa hiyo bastola lazima iwe kwenye kisanduku chenye kufuli, na sheria yenyewe inasema wazi kwamba dashibodi, yaani kile kijisanduku cha mbele ya abiria, haihesabiki, wala kile kijisanduku cha katikati ya viti. Katika gari zima umechagua palepale palipokatazwa!

Basi ifungie kwenye kisanduku cha chuma ikiwa tupu, kitie nyuma kabisa chini ya magodoro, na risasi ziwe kwenye kisanduku cha pili, nacho kifungwe. Magazini inayoingia risasi zaidi ya 10 usiibebe kabisa, maana New York na Massachusetts wanaishia hapo.

Na ile sheria ni ya kupita, si ya kulala. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Utah alikosa ndege ya kuunganisha pale Newark, New Jersey, akachukua begi lake lenye bastola, akalala hotelini. Asubuhi akairipoti mwenyewe kaunta, kwa uaminifu wake wote, akatiwa pingu. Mashtaka yalikuja kufutwa, lakini alipokwenda kudai haki yake, mahakama ya rufaa ikamwambia mwaka 2010 kwamba usiku ule, begi likiwa mkononi mwake, sheria haikumkinga. Kwa hiyo mtaondoka kwetu saa tisa usiku, mpokezane usukani na Mama Neema, msimame kwa mafuta na haja tu. Ni saa kumi na tatu au kumi na nne barabarani. Hoteli ya kushangaa maporomoko ya Niagara itasubiri siku nyingine.

Sasa polisi. Hili sikukusimulia kwa aibu. Mwaka jana usiku nilisimamishwa kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua. Nikafanya kile tulichozoea barabara ya Kasulu: nikazima gari, nikafungua mlango, nikashuka na leseni mkononi kumfuata afande. Kwetu dereva anayebaki kwenye kiti ana kiburi. Hapa anayeshuka amekuja kupigana. Nilipigiwa kelele nirudi ndani, nikarudi miguu ikitetemeka. Afande akaja, akamulika tochi nyuma, na kwenye sakafu, miguuni pa kijana wangu, palikuwa na bastola nyeusi.

Ni ile ya kuchezea, ya kurusha vidonge vya plastiki. Huwa zinauzwa na ncha ya rangi ya machungwa ili zijulikane, na yeye na wenzake walikuwa wameipaka wino mweusi ionekane ya kweli. Mtoto akasema ni ya kuchezea tu, akaanza kuinama aiokote amwonyeshe. Nikapiga ukelele kwa Kiswahili, "Acha! Usiiguse!" Afande mkono wake ulishafika kiunoni. Kama asingekuwa mtu mwenye subira, sijui ningekuwa ninakuandikia nini leo.

Utapita Cleveland, kwa hiyo unapaswa kujua. Novemba 2014 mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa na bastola ya aina hiyohiyo kwenye bustani ya mji ule, ncha yake ya rangi imetoka. Gari la polisi lilipofika hazikupita sekunde mbili akawa amepigwa risasi. Aliyepiga simu polisi alisema huenda ni ya bandia. Maneno hayo hayakuwafikia askari. Kwa hiyo na zile za wanao, hata ya maji kama ina umbo la bastola, zipakiwe nyuma pamoja na magodoro. Na uwaambie watoto sababu.

Ukisimamishwa, zima gari, washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono yote miwili juu ya usukani, usiondoke kwenye kiti. Leseni na karatasi za gari ziweke mapema kwenye kile kibao cha kuzuia jua juu ya kioo cha mbele, mbali kabisa na kisanduku. Akikuuliza kama una silaha, usidanganye, ila usianze na neno "bunduki". Philando Castile kule Minnesota, Julai 2016, alikuwa na kibali chake halali. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na mkono ukawa unatafuta leseni aliyoombwa. Askari alifyatua risasi saba, tano zikampata, akafa, mtoto wa miaka minne yuko kiti cha nyuma. Askari yule mahakama ilimwachia huru. Kwa hiyo sema kwanza mikono yako iko wapi, kisha kwamba ipo moja, imefungiwa nyuma, haina risasi, halafu muulize anataka ufanye nini. Usichomoe chochote mfukoni ili kuwahi. Na akiomba kupekua gari, unaweza kukataa kwa upole. Akipekua hata hivyo, usimzuie.

Ningekuwa wewe ningeiuza kwa muuzaji mwenye leseni hapohapo Louisville, nikafika Maine mikono mitupu, nikanunua nyingine huko kama bado moyo unaitaka. Utapata hasara ya dola mia au mbili. Mama Furaha anasema hasara hiyo atailipa kwa kukupikia sombe.

Nitumie neno moja tu kabla ya Ijumaa: imeuzwa, au iko kwenye kisanduku.

Ndugu yako,
Baba Furaha