Kwenye minada ya kheri, aliyesuka mkeka alipwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie minada na maonesho ya kazi za mikono yanayofanywa kuchangia mambo ya kheri, huku kwetu Pemba na kule Unguja. Ni jambo jema na naliunga mkono. Nimeona madrasa ikiezekwa kwa njia hii, mayatima wakivishwa kwa sikukuu, na wagonjwa wakipatiwa nauli ya kuvuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja au kufikishwa hadi Muhimbili, Dar es Salaam.

Linaloniuma ni moja. Mama aliyeusuka mkeka unaopigwa mnada mara nyingi harudi nyumbani na chochote. Ameambiwa atoe kwa ajili ya Mungu, tena mbele ya kadamnasi, na nani atakataa? Mkeka unanunuliwa, watu wanashangilia, mnunuzi anatajwa jina na kupigwa picha. Mwenye mkeka yuko nyuma jikoni anapakua pilau.

Wanaonunua wengi hawaijui kazi iliyomo. Ukindu, yaani majani ya mkindu, hukatwa ungali mchanga, ukaanikwa juani mpaka ukawa mweupe, ukachanwa chane nyembamba, kisha zile za kutia rangi zikachemshwa. Rangi yenyewe siku hizi ni ya kununua dukani. Hapo ndipo ukili, ule ukanda mrefu unaoungwa kuwa mkeka, unapoanza kusukwa, pima baada ya pima, jioni baada ya kutoka shamba au kwenye mwani. Mama yangu mdogo hushika ncha ya ukili kwa kidole gumba cha mguu, bakuli la maji liko ubavuni, anachovya vidole kila baada ya muda kwa sababu ukindu mkavu hukatika. Kidole chake cha shahada kimeota sugu upande mmoja tu, ule unaokandamiza chane. Ukili ukitimia bado kuna kushona: kuunga ukingo kwa ukingo, na maua ya upande huu yakutane na ya upande wa pili, la sivyo mkeka umeharibika na kila mtu ataona. Kofia ya kiua ndiyo usiseme. Vile vitundu vidogo huzungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano, na kofia moja nzuri hula miezi ya mtu na macho yake.

Sasa kazi kama hiyo ikichukuliwa bure, mchangiaji mkubwa kuliko wote siku ile ni yule mama, naye hakuandikwa popote. Na aghlabu ndiye fukara kuliko wote waliohudhuria. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sioni vipi tutamjengea yatima kwa jasho la mjane ambalo halikulipwa.

Nitaambiwa wapo akina mama wanaotaka thawabu. Wapo, na wasizuiwe. Lakini alipwe kwanza, fedha aishike mkononi, kisha akitaka kutoa zote atoe, akitaka nusu, nusu, akitaka kumnunulia mwanawe daftari za skuli, hiyo nayo ni sadaka. Kutoa kwa ridhaa hakuwezi kuwa ridhaa mtu asipokuwa na kitu cha kukataa kukitoa.

Utaratibu wake si mgumu. Kamati ikae na wasukaji kabla ya siku, kila mmoja ataje bei ya kazi yake. Bei hiyo iandikwe kwenye kikaratasi juu ya mkeka, msala wa kusalia, kawa la kufunikia chakula au mkoba, na kinachozidi hapo ndicho kiingie katika mchango. Mnunuzi ataona kiasi gani kimekwenda kwa mikono na kiasi gani kwa mgonjwa. Naamini atatoa zaidi, maana mtu mwenye nia njema hapendi kufichwa. Baadaye hesabu isomwe hadharani, kwa sheha, kiongozi wa mtaa, au msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na wasukaji nao wawepo kusikia.

Lipo na jengine. Mikeka ya plastiki imejaa madukani, na mabinti wanaona ukili ni kazi ya kuchosha isiyo na faida. Tukiwazoesha kwamba hata siku ya mnada, siku ambayo watu wako tayari kununua kwa bei ya juu, msukaji hapati kitu, nani atabaki kusuka?

Ramadhani ikikaribia shughuli hizi huwa nyingi. Nawaomba wanaoziandaa wawaite wasukaji na washona kofia kwenye kikao cha mwanzo, kabla ya kadi za mwaliko kuchapishwa. Nawe Mhariri, waandishi wako wanapokwenda kuripoti jumla iliyokusanywa, wamuulize msemaji wa kamati wasukaji walilipwa kiasi gani, na jibu lake liandikwe katika habari hiyo hiyo.

Msomaji wako,
Wete, Pemba