Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: mgeni aulizwe kabla hela yake haijapokelewa

Kwako Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama tunalingana, pole na majukumu. Mimi ni mama wa Mbeya, nauza mchele Mwanjelwa, ule wa Kyela wenyewe, si ule unaobatizwa jina la Kyela njiani. Mume wangu si raia. Kwao ni Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, na anafundisha hesabu katika shule moja ya binafsi hapa jijini.

Kwetu ule mpaka ni mto tu. Wangonde wa Karonga na sisi Wanyakyusa tunasikilizana lugha bila mkalimani. Mama mkwe akija, tunakaa jikoni kupiga soga utadhani tumezaliwa kijiji kimoja. Ndoa tumefunga, mtoto tunaye, kiwanja tumepata Uyole na msingi umeshapanda. Sikuwahi kumwona mume wangu kama mgeni mpaka siku tulipokwenda kumkatia bima ya maisha.

Utajiuliza muuza mchele ana shida gani na bima. Mwaka 2006 Soko la Mwanjelwa liliungua, na mama yangu alikuwa na banda mle. Nilikuwa msichana, lakini namwona mpaka leo akiingia uani na ufunguo mkononi. Ufunguo ulikuwepo, banda halikuwepo. Hakuwa na bima, na karibu wote aliokuwa amepanga nao hawakuwa nayo. Tangu hapo neno bima kwangu si la matajiri. Kwa hiyo tulipokopa SACCOS kupandisha nyumba, nikamwambia baba watoto: deni hili ni letu wawili, lakini mshahara unaolilipa ni wako. Ukitangulia, mimi na mtoto tutakaa wapi?

Tukaenda kwa wakala, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri na ulimi mzuri zaidi ya shati. Akatoa fomu. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Kisha kikaja kipengele cha namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, vile vijumba ishirini vimepangwa mstari mmoja. Mume wangu akamwekea pasipoti na kibali cha ukaazi mezani. Kijana akavitazama, akavirudisha taratibu kama mtu aliyepewa noti iliyochanika. Akaanza kujaza vijumba: mwaka, mwezi, siku. "Nane za mwanzo hazina shida," akasema, "ni tarehe ya kuzaliwa. Bado kumi na mbili." Akatutazama, nasi tukamtazama. Ndipo akashusha sauti akauliza: "Mama, huna kaka anayelingana na mzee?"

Ndugu Kamishna, nimeisimulia mara nyingi na watu hucheka. Mimi nilicheka nilipofika nyumbani. Pale mezani nilipiga hesabu: tukikubali, tutalipa ada miaka na miaka kwa uhai wa kaka yangu huku anayelala kitandani kwangu ni mwingine. Bima imejengwa juu ya kusema ukweli wote. Uongo mmoja kwenye fomu unatosha kuifanya kampuni isilipe, na siku hiyo wakala hatakuwepo kusema kwamba shauri lilikuwa lake. Tukaaga, fomu nikaondoka nayo.

Niseme haki: namba tulikuwa hatujaiomba, na hilo ni kosa letu. NIDA haisajili raia peke yao. Mgeni mkaazi naye ana kitambulisho chake, na mkimbizi chake. Mume wangu akafuatilia, akapata. Tukaenda kampuni nyingine, vijumba ishirini vikajaa. Hapo likazuka la pili: mkataba tunaoutaka ni wa miaka kumi, na kibali chake ni cha miaka miwili. Dada wa kaunta akauliza, tena kwa upole, "Akirudi kwao mwaka wa tatu?"

Swali lake si la kijinga. Kampuni inaogopa mteja asiyejulikana historia ya afya yake, inaogopa kupeleleza kifo kilichotokea nchi nyingine, na kuna sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha inayoitaka imjue mteja wake vizuri. Yote hayo nayaelewa. Nisichoelewa ni jibu kubadilika kila unapobadilisha mlango. Wa kwanza alisema bila NIDA haiwezekani. Wa pili akasema atapewa ya mwaka mmoja mmoja. Wa tatu akasema leteni tu, mfumo utaamua. Hata nilipopendekeza mimi raia niwe mwenye mkataba na yeye awe mwenye kukatiwa, maana mke ana cha kupoteza mumewe akifa na hilo halina ubishi popote, nikaambiwa inategemea. Inategemea nini? Hakuna aliyenionyesha karatasi.

Huko kuomba na kukataliwa kuna nafuu. Kibaya ni kukubaliwa.

Mume wangu alikuwa na mwalimu mwenzake, Mzambia, mtu wa fizikia. Shule yao ina bima ya maisha ya kundi, na kila mwezi kuna mstari wa makato kwenye slipu. Mwalimu yule aligongwa kwenye mteremko wa Iwambi, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mkewe Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nikamsindikiza ofisi za bima. Tulipeleka cheti cha kifo, barua ya mwajiri, pasipoti na kibali. Karani akafungua faili, akapitisha kidole kwenye kibali mpaka kwenye tarehe, akakiacha kidole pale pale. Kibali kilikuwa kimeisha wiki tatu kabla ya ajali. Maombi ya kukihuisha yalikuwa yameshapelekwa na stakabadhi ya malipo tulikuwa nayo. Karani akasema kwa tarehe ya kifo marehemu hakuwa mkazi halali, hivyo hakuwa ndani ya kundi.

Nikatoa slipu kwenye mkoba. Mwezi ule ule wa kifo, mstari wa makato ulikuwepo. Kibali kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, makato hayakusubiri.

Danadana zikaenda miezi mitano. Mwisho mjane akarudishiwa ada za miezi miwili, kiasi ambacho hakikumaliza hata deni la jeneza. Nilimsindikiza Tunduma na watoto wawili na magodoro yamefungwa juu ya gari. Jina la kampuni sitaliandika hapa, barua hii si ya kumchongea mtu. Na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima nilikuja kuisikia baadaye sana, kwa mteja wangu mmoja aliyekuja kununua kilo tano. Hakuna aliyekuwa ametutajia pale kaunta kwamba kuna pa kwenda, wala haikuwa imeandikwa popote kwenye karatasi alizopewa mjane.

Siku ile Tunduma nilisimama nikitazama malori yanavyopanga foleni kuingia Nakonde. Kila lori lina kadi ya njano. Gari la Tanzania likigonga mtu Zambia au Malawi, bima yake inatambulika kule, na la kule likigonga huku hali ni hiyo hiyo. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi ya njano tumo. Nchi zilikaa zikakubaliana chuma kikivuka mpaka kivuke na bima yake. Nikamtazama yule mjane, nikanyamaza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mahali pengine ukaazi wa mume wangu hauna utata hata kidogo. TRA, mtu akikaa nchini siku 183 katika mwaka, wanamhesabu mkazi na kodi anatozwa kama mkazi. NSSF anakatwa kama walimu wengine. Sheria yako mwenyewe ya Bima, ya mwaka 2009, inataka mkazi wa Tanzania akate bima kwa kampuni iliyosajiliwa hapa, asikimbilie nje kienyeji. Angalia neno lililotumika: mkazi. Halikusema raia. Basi ikiwa sheria inamfungia mlango wa kwenda kukata Lilongwe, mlango wa hapa ubaki wazi, au angalau uandikwe saa za kufunguliwa.

(Utasema achukue uraia yaishe. Mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania, sheria ya uraia ya 1995 inampa njia ya kuomba kwa sababu ya ndoa. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania njia hiyo hana. Apange foleni ya tajinisi, yaani kuomba uraia kwa njia ya kawaida, na kuhesabu miaka kama mtu asiye na mke hapa. Hilo si la ofisi yako. Nimeliweka tu lisikae tumboni.)

Wala sisemi kwingine ni peponi. Mdogo wangu yuko Uingereza, analea wazee, na kule yeye ndiye mgeni. Alipotaka bima ya maisha ili mama asibaki na mzigo wa kusafirisha mwili, aliulizwa amekaa nchini muda gani, visa yake ni ya aina gani, imebaki miezi mingapi, na kama amejiandikisha kwa daktari wa mtaa wake. Kampuni mbili zilimkatalia. Ya tatu ikakubali, kwa kiwango kidogo kuliko alichotaka. Hakufurahi. Lakini yote hayo aliulizwa kabla hajakatwa hata senti, na aliyekubaliwa anajua amekubaliwa nini.

Ninachoomba ndicho hicho. Swali la uraia na kibali liulizwe siku ya kupokea ada, lijibiwe kwa maandishi, likishajibiwa lisirudi msibani.

Ofisi yako ina mamlaka ya kutoa waraka kwa kampuni zote. Huenda waraka wa jambo hili upo. Kama upo, Mwanjelwa haujafika, na mawakala niliokutana nao hawajausoma. Useme ni karatasi zipi zinamtosha mgeni mkaazi: kitambulisho chake cha NIDA, au pasipoti na kibali, ili wakala asipate sababu ya kuulizia makaka wa watu. Na useme kibali kikiisha inakuwaje. Mimi si mwanasheria, ila naona haki iko hapa: maombi ya kuhuisha yakiwa yamepelekwa kwa wakati na ada inapokelewa, bima iendelee. Kampuni isiyotaka hivyo isimamishe makato siku ile ile kibali kinapoisha na imwandikie mtu kwamba hana kinga tena. Kukaa na hela na kukana bima kwa wakati mmoja, hata sokoni kwetu hatuna jina zuri la biashara hiyo. Kwa bima za kundi hili ni zito zaidi, maana mwalimu hajazi fomu yoyote. Anayemwandikisha ni mwajiri, naye nakala za vibali vyote anazo kabatini.

Kuna la kuvuka mto pia. Mume wangu huenda Karonga kila likizo kumwona mama yake. Likimpata kule, nitatakiwa kuleta nini? Cheti cha kifo cha Malawi kitapokelewa kilivyo, au nitaambiwa kigongwe muhuri wapi? Na tukimwandika mama yake kuwa mnufaika wa sehemu, atalipwa akiwa kule kule au lazima apande gari mpaka Mbeya kwa umri wake? Dada wa kaunta nilimuuliza haya, akaniambia, "Mama, usiwaze mabaya." Ndugu Kamishna, nimekwenda kununua bima. Nimekwenda kuwaza mabaya.

Mambo mengine naweza kuyafanya mwenyewe na ninayafanya. Jina la mume wangu kwenye cheti cha ndoa lilikosewa herufi moja lisilingane na pasipoti, tumelirekebisha. Nakala za vibali vyake vyote, vya zamani na vya sasa, nimeziweka kwenye bahasha moja pamoja na stakabadhi. Slipu za mshahara hatutupi tena. Kijana wa shati lililonyooshwa alinipigia mwezi uliopita akasema sasa mfumo umebadilika, nimpelekee tu shilingi za mwezi wa kwanza kwa simu na fomu itafuata. Nikamwambia fomu itangulie.

Kibali cha sasa kinaisha mwezi wa tatu, na maombi ya kukihuisha tutayapeleka Januari. Katikati hapo kutakuwa na wiki kadhaa za kusubiri, na mume wangu hupanda bodaboda kila asubuhi kwenda kazini. Naomba jibu kabla ya wiki hizo.

Wako,
Mama muuza mchele,
Mwanjelwa, Mbeya.